Meza za Melini

Wakazi wa Mombasa wamezoea kuziona meli kubwa nyeupe zikiingia Kilindini asubuhi, zikateremsha wageni wenye kofia pana na miwani ya jua, kisha zikang'oa nanga na kwenda zao. Watu husimama wakazitazama, wakahesabu ghorofa zake, wakaulizana zachukua abiria wangapi. Swali ambalo ni nadra kusikika ni hili: wale watu wote hula nini, nao hula wapi? Hali kwa mtu aliyemo ndani, swali hilo ndilo kubwa kuliko yote. Meli haina shamba wala soko, wala haina jirani wa kuazimwa unga. Msafiri wa siku 7 atakula mara 21 kwa uchache, na kila mara hana budi kuamua ataketi wapi, pamoja na nani, na kwa gharama gani.

Meli hizi ni za matembezi. Abiria wake hawasafiri ili wafike mahali. Huzunguka bandari kadha wa kadha, na mara nyingi hurudi pale pale walipopandia. Chakula basi si kitu cha kumtia mtu nguvu ya kufika, bali ni sehemu ya kile alichokinunua. Mtu aliyerejea kutoka safari ya namna hiyo ukimwuliza habari ya visiwa alivyoviona, atakujibu kwa maneno machache. Ukimwuliza habari ya chakula, afadhali uvute kiti ukae.

Anapokata tikiti huambiwa kwamba chakula kimekwisha kulipiwa katika nauli. Maneno hayo ni ya kweli, ila hayakumaliza habari. Mathalani iko meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami, Marekani, katika mwezi wa Januari 2024. Urefu wake ni mita 365, nayo yaweza kuchukua abiria 7,600 na watumishi 2,350. Huo ni mji mzima unaoelea, na ndani yake mna mahali zaidi ya 20 pa kula. Kwingine mtu huingia bila kulipa kitu, kwingine hutozwa fedha mlangoni, na kwingine hata akiwa na fedha mkononi hakaribishwi, kwa sababu ya aina ya chumba anacholala. Mgeni asiyejua tofauti hizo aweza kumaliza safari yake akiwa amelipa mara mbili kwa chakula kilicho chake tangu mwanzo.

Lililo bora kwake, nalo halimgharimu zaidi, ni ukumbi mkuu wa kulia. Kwa desturi ya zamani, ambayo meli nyingi zingali zikiifuata kwa wale waitakao, kila abiria hupewa namba ya meza na saa ya kula. Zamu ya kwanza huwa kama saa kumi na mbili za jioni, na ya pili kama saa mbili na nusu za usiku. Meza hiyo ni yake mpaka mwisho wa safari, na waandikaji, yaani watumishi wa mezani, ni wale wale kila usiku.

Mara ya kwanza anapoketi hapo mgeni hushtuka. Upande wa kulia wa sahani pamelazwa visu na kijiko, upande wa kushoto uma mbili au tatu, juu vyombo vingine vidogo, na bilauri za kila namna zimesimama kama askari. Wako watu wazima, wenye mashamba na vyeo vyao, waliowahi kukosa raha ya chakula kizuri kwa kuviogopa vyuma hivyo. Siri yake ni nyepesi. Huanzwa na vya nje, na kila chakula kinapoondolewa huondoka na vyombo vyake, hata vya ndani vikabakia kwa chakula kikubwa. Vile vidogo vilivyo juu ya sahani ni vya vitamu vya mwisho. Kitambaa huwekwa mapajani, hakifungwi shingoni. Akiisha kula, hulaza kisu na uma pamoja sahanini, naye mwandikaji atafahamu pasipo kuambiwa. Na kama amekosea, akala samaki kwa kisu cha nyama, hakuna atakayemcheka ila yule ambaye naye alijifunza juzi.

Kisha huletwa karatasi ya vyakula. Imegawanywa mafungu matatu au manne: vya kufungulia kinywa, supu na majani mabichi, chakula chenyewe, halafu vitamu. Wasiozoea huichukua kama karatasi ya mtihani, wakachagua kimoja tu kwa hofu ya kuongezewa bei. Sivyo ilivyo. Katika meli nyingi mtu akitaka supu za namna mbili, au akiomba samaki baada ya kuona nyama haikumpendeza, huletewa bila neno. Lakini ziko kampuni zilizoanza kutoza fedha kwa sahani kubwa za ziada na kwa vyakula fulani vya ghali, nazo huandika hayo kwa herufi ndogo chini ya karatasi. Yafaa kuzisoma herufi hizo kabla ya kukifungua kinywa.

Jambo jingine la kuangaliwa ni vinywaji. Maji, chai na kahawa ya kawaida humo ndani ya nauli, lakini soda, bia na divai mara nyingi havimo. Tena melini hakuna anayetoa noti mfukoni. Kila abiria ana kadi yake, huionyesha tu, na hesabu huandikwa mahali asipopaona. Noti ikitoka mkononi mtu huiona ikienda. Kadi hurudi mkononi vile vile ilivyokuwa. Hesabu huja siku ya mwisho, nayo huja na bakshishi ya watumishi, ambayo katika kampuni kubwa za Marekani hutiwa moja kwa moja, yapata dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku. Mume na mke wakikaa siku 7 wataona kwamba bakshishi peke yake imepita dola 200, nao wasipoiweka katika hesabu zao kabla ya kuondoka nyumbani, itawaumiza.

Ama Mwislamu asiyekula nguruwe, au mtu asiyekula nyama kabisa, ni vyema aiandikie kampuni majuma kadhaa kabla ya safari, asingoje kumweleza mwandikaji usiku wa kwanza ukumbi umejaa. Wasiokula nyama hawana shida. Katika meli nyingi jambo lao hufahamika vyema, na hata mchuzi wa Kihindi wa dengu au mboga huwamo katika karatasi ya kila siku. Nyama iliyochinjwa kwa sheria ya Kiislamu si lazima ipatikane kila melini, na mwenye kuijali dini yake hana budi kuuliza, akipewa jibu la mashaka ale samaki.

Lakini faida kubwa ya ukumbi mkuu haimo sahanini. Imo katika viti. Meza ya watu 8 au 10 hukutanisha watu ambao nchi kavu wasingekutana kamwe: mwalimu aliyestaafu, fundi wa mabomba ya maji na mkewe, mjane anayesafiri na dada yake, mkulima wa ngano ambaye hajapata kuiona bahari. Usiku wa kwanza huulizana majina na hali ya hewa. Usiku wa tatu huonyeshana picha za wajukuu. Usiku wa tano kiti kikiwa kitupu watu huuliza, "Yuko wapi leo, au anaumwa?" Naye mwandikaji amekwisha jua kwamba huyu hataki pilipili, yule chai yake iwe na maziwa ya moto, na mtoto wa pembeni hali mboga mpaka afanyiwe mzaha. Mtu hulishwa na wanaomjua, katikati ya watu wanaomjua, nako ni kitu kisichouzwa katika mkahawa wowote.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Meli ya Britannia ya kampuni ya Cunard, iliyoanza kuvuka Atlantiki katika mwaka 1840, ilichukua ng'ombe ndani yake ili abiria wapate maziwa. Mwandishi Charles Dickens alisafiri nayo Januari 1842, na kitabu alichokiandika baadaye chaonyesha kwamba ukumbi wake wa kulia haukumfurahisha hata kidogo. Siku zile meza zilikuwa ndefu kama za shule, zenye kingo zilizoinuliwa ili sahani zisiteleze bahari ikichafuka. Hata miaka mingi baadaye, meli ikiyumba, waandikaji walikuwa wakikilowesha kitambaa cha meza kwa maji ili vyombo vishike. Na hao ni abiria waliolipa vizuri. Wahamiaji maskini waliokwenda Marekani kwa merikebu za tanga walipewa posho kavu, wakapika wenyewe juu ya sitaha kwa zamu, na mawimbi yakiwa makubwa hawakupika kabisa.

Ni kampuni moja ya Kijerumani, ya Hamburg, iliyoleta mabadiliko mawili ambayo matunda yake yaonekana mpaka leo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1891, abiria wa kuvuka Atlantiki walipokuwa wachache, kampuni hiyo iliona hasara kuiacha meli yake Augusta Victoria ikae bure, ikaituma bahari ya Mediterania na watu wa kutembea tu. Ndipo safari za matembezi zilipoanza kushika njia. Na katika mwaka 1905 kampuni ile ile, ndani ya meli yake Amerika, ilifungua mkahawa wa kulipia ulio mbali na ukumbi wa kulia, ikisaidiwa na César Ritz, bwana wa mahoteli ya fahari. Tajiri aliweza kuagiza akitakacho, saa aitakayo, wala asikae na watu asiowachagua.

Wazo hilo liliwapendeza wenye meli wengine. Titanic ilipoondoka Uingereza katika mwezi wa Aprili 1912 ilikuwa nao mkahawa kama huo, juu, kwa abiria wa daraja la kwanza. Ghorofa mbili chini yake ulikuwapo ukumbi mkubwa wa daraja lao, ulioweza kuketisha watu zaidi ya 500 kwa mara moja, na chakula chake cha jioni kilikuja sahani baada ya sahani, hata kumi na kupita. Chini zaidi ulikuwapo ukumbi wa daraja la tatu. Karatasi ya vyakula vyao ya tarehe 14 Aprili imehifadhiwa mpaka leo. Asubuhi walikula uji kwa maziwa, samaki wa moshi na viazi. Mchana wakala supu ya wali, nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi na mkate. Si chakula cha kudharauliwa. Wako wengi waliokila siku ile ambao kwao hawakuonja nyama ila siku za sikukuu.

Mkahawa ule wa juu uliendeshwa na Mwitalia Luigi Gatti. Wapishi na waandikaji wake, wengi wao Waitalia na Wafaransa, walikuwa watu wake mwenyewe, si watumishi wa kampuni ya meli. Jioni ya tarehe 14 nahodha Edward Smith alikula humo, amealikwa na jamaa ya matajiri wa Marekani. Usiku huo huo meli iligonga mwamba wa barafu. Watu wa Gatti walikuwa zaidi ya 60, na waliookoka ni watatu tu: wanawake wawili waliokuwa wakipokea fedha, na karani mmoja mwanamume. Gatti mwenyewe alikufa. Watu hupenda kusimulia karamu ya mwisho ya Titanic, wakataja chaza na divai. Walioileta mezani hutajwa mara chache.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na meli zake. Kampuni ya British India ilileta meli mbili ndugu, Kenya katika mwaka 1951 na Uganda katika mwaka 1952, zilizokwenda baina ya London na pwani yetu kwa njia ya Suez. Zilikuwa na daraja la kwanza na daraja la watalii, kila daraja na ukumbi wake wa kulia. Ndege zilipowachukua abiria, Kenya iliuzwa ikavunjwa katika mwaka 1969. Uganda iligeuzwa kuwa meli ya elimu, ikachukua wanafunzi wapatao 900 na abiria wa vyumba wapatao 300. Mara wale waliokula kwa fahari wakawa kikundi kidogo juu ya kelele za watoto 900 wenye njaa, na haikosi wapishi walitambua ni nani hasa wanaowapikia. Katika mwaka 1982 watoto waliteremshwa Naples, meli ikafanywa hospitali ya vita vya Falklands. Katika mwaka 1986 ilipelekwa Taiwan kuvunjwa.

Meli za matembezi zilipozidi kujengwa baada ya hapo, nyingi zilitangaza kwamba madaraja yamekwisha. Vyumba vilitofautiana kwa ukubwa, lakini jioni mwenye chumba cha dirisha na mwenye chumba kisicho na dirisha waliingia kwa mlango mmoja, wakapewa karatasi moja. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko lilivyoonekana. Karani aliyeweka akiba miaka mitano aliweza kuketi karibu na mwenye kiwanda, nao wakagombea chumvi.

Katika mwaka 2000 kampuni ya Norwegian ilianza mtindo wa kuondoa meza maalum na saa maalum. Abiria ale apendapo, saa apendayo, pamoja na ampendaye. Kampuni nyingine zikafuata kwa namna zao. Yaliyosemwa kuutetea mtindo huo yana haki. Mwenye watoto wadogo hawezi kungoja saa mbili na nusu. Mwingine amechoka kuvaa tai, amekuja baharini ili asiamriwe. Na mtu aliyepangwa meza moja na msemaji asiyenyamaza ataona siku 7 ni kama mwaka.

Lakini uhuru huo umeleta na mengine. Mikahawa ya kulipia imezidi: mmoja wa nyama ya kuchoma ya Kimarekani, mwingine wa Kiitaliano, mwingine wa Kijapani wenye samaki mbichi. Mara nyingi bei yake ni dola 40 na zaidi kwa mtu mmoja, na tangu dakika ya kupanda melini vijana wenye tabasamu husimama njiani wakiuza nafasi. Mikahawa hiyo si mibaya. Nyama yake huwa nzuri, na mahali pake huwa kimya. Mume na mke wanaoadhimisha miaka ya ndoa yao wakienda usiku mmoja, hakuna wa kuwalaumu. Lililo baya ni yule anayeshawishika kwenda usiku baada ya usiku kwa kudhani ukumbi mkuu ni wa watu wasio na kitu. Amelipia chakula cha ukumbi, amekiacha, amenunua kingine.

Na pamezuka tena milango isiyofunguka kwa wote. Katika Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, chumba anacholala abiria ndicho kinachoamua atakula wapi: wengi katika ukumbi wa Britannia, na wenye vyumba vya gharama kubwa katika Princess Grill au Queens Grill. Kampuni ya Cunard haijapata kuuficha utaratibu huo, nao ni wa zamani. Lakini hata Icon of the Seas, meli ya watoto na mabwawa ya kuogelea, ina mkahawa uitwao Coastal Kitchen ulio wa wenye vyumba vikubwa peke yao. Twaweza kusema kwamba aliyelipa zaidi apate zaidi, nayo ni sheria ya kila soko. Godoro nene na dirisha pana ni haki yake. Meza ni kitu kingine. Watu wasiokula pamoja hawajuani, na mji wa watu 7,600 wasiojuana ni hoteli tu iliyotiwa majini.

Pako bado mahali pamoja ambapo wote hukutana, nako ni kwenye meza ndefu ya kujipakulia, juu karibu na bwawa. Hapo chakula hupangwa tangu asubuhi: mayai, maharagwe, wali, mchuzi, nyama zilizokatwa, matunda, mikate ya kila umbo. Hapo ndipo tabia ya mtu huonekana. Mmoja huchukua kidogo kidogo akarudi mara tatu. Mwingine hujenga mlima sahanini, samaki chini ya keki, kama kwamba meli itazama kabla ya jioni, kisha akaacha nusu yake. Chakula kile hakirudi jikoni. Kwa sheria ya mataifa juu ya uchafuzi wa bahari, mabaki ya chakula hayaruhusiwi kutupwa karibu na pwani. Katika bahari za kawaida yakiwa yamesagwa humwagwa kuanzia maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na yasiposagwa kuanzia maili 12. Mkulima anayejua jasho la gunia moja la mahindi angeona uchungu kuutazama mlango ule.

Meza ya kujipakulia ina hatari nyingine. Iko jamii ya vijidudu viitwavyo norovirusi, viletavyo kutapika na kuhara, navyo huenea upesi mahali watu wengi wanapogusa kijiko kimoja cha kupakulia. Ile dawa ya kupaka mikononi iliyowekwa mlangoni haiviui vyema; maji na sabuni ndiyo kinga. Ndiyo sababu baadhi ya meli huweka watumishi wapakue wenyewe ugonjwa ukionekana. Serikali ya Marekani ilianzisha ukaguzi wa meli za abiria tangu miaka ya 1970. Wakaguzi huingia pasipo kutoa habari, wakapima kwamba chakula baridi hakikuzidi joto la digrii 5 za sentigredi, na cha moto hakikupungua digrii 57, wakatazama hata mipira ya milango ya majokofu. Meli hupewa alama katika 100, na ikipata 85 au pungufu imeshindwa. Alama hizo hutangazwa, na mtu anayetaka kusafiri aweza kuzisoma kabla hajatoa fedha yake.

Majiko yenyewe yako nyuma ya milango ya kusukuma, yamejengwa kwa chuma kisichoshika kutu. Moto wa wazi hauna nafasi humo, kwa kuwa hakuna kinachoogopwa melini kuliko moto. Hupikwa kwa umeme na mvuke. Siku meli inapobadilisha abiria, wale wa zamani wakiteremka kwa daraja moja, mizigo ya unga, mayai, nyama na mboga huingia kwa mlango wa ubavuni, na yote hayana budi kuwa ndani kabla ya jioni. Mpishi mkuu akisahau vitunguu, hakuna duka la kutuma mtoto.

Chini ya hapo ni nchi ya watumishi. Wengi hutoka Ufilipino, Indonesia na India, na siku hizi wamo vijana wa Kenya pia, wavulana kwa wasichana. Kuna njia ndefu inayopita kutoka omo mpaka shetri, ambayo katika meli nyingi za Kimarekani wenyewe huiita I-95 kwa jina la barabara kuu ya nchi hiyo, nako mchana na usiku hupita mikokoteni ya sahani na magunia ya nguo chafu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, ambao Kenya nayo imeuridhia, unaagiza kwamba baharia apewe chakula kizuri na maji bila malipo akiwa kazini, tena chakula hicho kifikirie dini na desturi yake. Mkataba huo huo wakataza wakala kumtoza baharia fedha za kumtafutia kazi. Gharama zake ni za pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari tu. Kijana anayeambiwa atoe maelfu ya shilingi ili "jina lake liingizwe melini" na ayakumbuke hayo, na mzazi anayetaka kuuza ng'ombe kwa ajili hiyo ayasome mara mbili.

Mwandikaji wa zamu ya pili huondoa sahani za mwisho kama saa nne na nusu za usiku. Hapo hatembei mikono mitupu; hutandika vitambaa vya asubuhi, hupanga vikombe, hufuta visu kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Ndipo hushuka kwenye ukumbi wa watumishi, ambako hakuna bilauri nne wala karatasi ya vyakula. Mna wali daima, kwa maana wapishi wanajua kwamba watu wa mashariki wasipoona wali hawakula, na mna mchuzi wa samaki wenye pilipili ambayo abiria wa juu wangeilalamikia. Hapo huketi kila mtu karibu na wa kwao, lugha kumi zikisemwa kwa mara moja, na anayecheka zaidi ni yule aliyeambiwa jioni ile na bibi mzee wa meza ya 42 kwamba anafanana na mjukuu wake. Saa kumi za alfajiri, wakati ambapo hata wacheza muziki wamelala, waokaji huanza kutoa mikate ya kwanza tanuruni.